Kapu la Udongo na Mtungi wa Maji: Historia ya Ufuko Wetu na Wajibu wa Kulinda Amani

Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa Kafutuma, ufukoni mwa Ziwa Mweru



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama. Kwa kawaida ofisa wa polisi akiombwa hivyo huanza na orodha ya makosa na adhabu zake. Leo, kwa idhini yenu, nitaanza na historia ya mahali hapa tulipokaa. Nimeona kwa miaka mingi ya kazi kwamba magomvi mengi yanayofikishwa mezani kwetu huanza na swali moja: nani mwenyeji na nani mgeni? Swali hilo haliwezi kujibiwa na askari peke yake. Hujibiwa na ziwa, na visiwa, na mito, na simulizi za wazee.

Tazameni mbele yenu. Sisi tuko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, na jua letu huchwea juu ya maji, upande wa Kongo. Ziwa hili lina urefu wa kilometa zipatazo 130, na eneo lake linazidi kidogo kilometa za mraba 5,000. Kutoka kusini linalishwa na mto Luapula. Kutoka mashariki linapokea maji ya Kalungwishi, mto wenye maporomoko makubwa ya Lumangwe na Kabwelume. Maji hayo hayakai. Hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, kwa jina la Luvua, yakaungana na Lualaba, na hatimaye yakawa mto Kongo unaoingia Bahari ya Atlantiki. Maji tunayooga hapa Kafutuma yana safari ndefu, na wala hayaulizi mpaka wa nchi uko wapi.

Hata jina lenyewe lina funzo. Mweru, katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo hili, maana yake ni ziwa. Mababu hawakulipa jina la mfalme wala la mshindi wa vita. Waliliita kwa kile lilicho.

Katika maji hayo kuna kisiwa cha Kilwa, na kingine kidogo, Isokwe. Jina la Kilwa halitakuwa geni kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, kwa maana ni jina lile lile la mji wa kale wa pwani ya Tanzania. Tena ng'ambo, upande wa Kongo, upo mji mwingine uitwao Kilwa. Katika karne ya 19 kisiwa hiki kilikuwa ngome ya mfanyabiashara Mswahili aliyejulikana kwa jina la Simba. Kwa kuwa maji yalimzunguka pande zote, aliweza kujilinda hata dhidi ya Msiri, mtawala mwenye nguvu wa Bunkeya, aliyeitawala sehemu kubwa ya Katanga hadi alipouawa mwezi Desemba mwaka 1891.

Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Wapo wanaosema Kiswahili kililetwa hapa juzi tu na wakimbizi. Historia haisemi hivyo. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi ilikuwa ikipita katika nchi hizi zaidi ya miaka 150 iliyopita. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na chifu Nsama wa Itabwa mwaka 1867, kaskazini-mashariki ya hapa tulipo, na baadaye akaisimulia vita hiyo katika kitabu cha maisha yake alichokitoa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo David Livingstone aliwasili ukingoni mwa ziwa hili, mwezi Novemba, akielekea mji wa Mwata Kazembe. Hakuja kwa njia mpya. Alifuata njia ambazo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzikanyaga.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa kamili. Misafara ile haikubeba nguo, shanga, shaba na pembe za ndovu peke yake. Ilibeba pia watu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo kwa baadhi ya familia za ufuko huu, sauti ya Kiswahili ilikuwa, kwa muda mrefu, sauti ya kuogopwa. Mtoto aliyekuwa akicheza mchangani aliisikia akakimbilia msituni. Tukiificha sehemu hiyo ya historia, hatutaelewa kwa nini bibi mzee hukunja uso anaposikia lugha hii sokoni. Na tukiisema sehemu hiyo peke yake, hatutamtendea haki mama aliyekuja na mtumbwi mwaka 2017 akiwa na watoto watatu na sufuria moja, ambaye babu yake huenda alikuwa miongoni mwa wale waliofungwa minyororo, wala si mwenye kufunga.

Sasa nigeukie watawala na wenyeji. Wazee wa Luapula husimulia kwamba Walunda wa Mwata Kazembe walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, wakavuka mito mikubwa, na katika karne ya 18 wakafika bonde la Luapula. Waliwakuta Washila, watu wa uvuvi, chini ya mtawala wao Nkuba. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi Julai, kule Mwansabombwe, Mwata huicheza ngoma ya Mutomboko kuukumbuka ushindi wa safari ile. Kabla ya kucheza, hutoa sadaka mtoni Ng'ona kwa ajili ya wahenga waliopotea majini wakati wa kuvuka. Wengi wenu mmekwenda kuitazama. Wengine huuza samaki na vinywaji siku hizo. Hata hivyo, mwenye kutazama ngoma bila kujua kisa chake ameona nusu tu.

Kisa chenyewe ni cha mwanamke aitwaye Nachituti. Nitakisimulia kwa ufupi, kama kinavyosimuliwa na wengi. Na mzee mwenye namna yake ya kukisimulia aniwie radhi.

Nachituti alikuwa dada yake Nkuba. Alikuwa na mwana. Mwana huyo alituhumiwa kumkosea mjomba wake kwa habari ya mmoja wa wake zake. Nkuba hakumwita kijana barazani, hakuwaita wazee, hakumsikiliza. Aliamuru auawe, na ngozi yake akaitandika pale alipokuwa akikaa. Mama mtu alikuwa akiingia na kutoka katika nyumba ya ndugu yake bila kujua kwamba mwanawe yumo humo, chini ya mkeka. Siku alipojua, alilia. Lakini amlilie nani? Aliyeua ni mtawala. Mwenye kuhukumu ni yule yule. Ndugu wa kumtetea ni yule yule.

Basi Nachituti akaondoka, akaenda kwa mgeni. Alikwenda kwa Mwata Kazembe akamwomba amlipizie. Walunda wakamwendea Nkuba, wakamshinda na kumuua. Naye Nachituti, kwa kutimiza ahadi yake, akampa Mwata vitu viwili: kapu la udongo na mtungi wa maji. Udongo ulikuwa alama ya nchi yote. Maji yalikuwa alama ya mito, mabwawa na ziwa. Hivyo ndivyo, kwa mujibu wa simulizi, nchi hii ilivyobadili mikono.

Ndugu zangu, wasomi wameandika vitabu juu ya kisa hiki, wakieleza habari ya umiliki wa ardhi na haki za uvuvi. Mimi ni askari, na kila nikisikiapo nasikia jambo moja: mama aliyedhulumiwa alikosa mahali pa kupeleka malalamiko yake. Kwa kukosa mahali hapo, aliutoa ufuko wote. Nkuba hakupoteza nchi kwa sababu maadui zake walikuwa wengi. Aliipoteza nyumbani mwake, siku alipofunga mlango wa haki kwa mtu wa damu yake.

Hapa nalazimika kusema jambo linalonihusu mwenyewe. Nilipokuwa askari kijana, nilipangwa katika kituo kimoja cha ufukoni ambacho sitakitaja. Usiku mmoja alikuja mzee, amelowa maji hadi kifuani, akitetemeka kwa baridi. Alisema kwa Kiswahili kwamba nyavu zake zimeibwa, na kwamba wezi bado hawajafika mbali. Mimi nilikuwa zamu, nimekaa penye daftari. Nilifahamu maneno mawili tu katika yote aliyosema. Badala ya kutafuta mtu wa kufasiri, nilimwuliza karatasi zake. Hakuwa nazo, mtu atokaye majini usiku hubeba nini? Nikamweka ndani hadi asubuhi kwa kumshuku kuwa amevuka mpaka bila kibali.

Kulipopambazuka, akaja mwenyekiti wa wavuvi akatueleza kwamba mzee yule alikuwa ameishi katika kijiji kile tangu kabla mimi sijazaliwa. Tukamwachia. Nyavu zake hazikuonekana tena. Hakutukana, hakudai fidia. Alivaa viatu vyake, akanitazama, akaondoka.

Miezi michache baadaye mwanawe alipigwa na vijana wa kijiji jirani. Mzee yule hakuja kituoni; kwa nini angekuja? Aliwakusanya jamaa zake usiku. Nyumba mbili zikateketezwa, na mtoto mmoja akaungua mkono. Tulipofika, kila mtu alisema hajui lolote. Nilisimama katika majivu yale nikajua kwamba moto ule haukuanzia pale. Ulianzia mezani kwangu, usiku ule wa nyavu. Mwaka uliofuata nikaanza kujifunza Kiswahili, nikifundishwa na mwanamke muuza dagaa aliyekuwa akinicheka kila nilipokosea ngeli. Ndiyo maana leo nasimama mbele yenu nikizungumza lugha hii, ijapokuwa si ya mama yangu.

Nimesema hayo si kwa kujisifu kwa kutubu, bali ili muelewe kwamba tunapowasihi mtuamini, hatuwasihi kwa sababu hatujawahi kukosea.

Niendelee na alama nyingine za ufuko wetu. Mpaka unaopita katikati ya ziwa hili haukuchorwa na wavuvi. Ulikubaliwa mwaka 1894 baina ya Uingereza na Dola ya Kongo, na kisiwa cha Kilwa kikaachwa upande wa Waingereza. Watu waliolala wakiwa jirani waliamka wakiwa raia wa dola mbili. Lakini ndoa ziliendelea, matanga yaliendelea, na samaki waliendelea kuvuka. Hata leo, familia nyingi hapa zina shangazi Pweto na mjomba Kilwa ya ng'ambo.

Kwa sababu hiyo, kila vita inapowaka upande wa pili, ufuko huu hupokea watu. Mwezi Desemba mwaka 2000, mji wa Pweto ulipotekwa, maelfu walivuka kuingia Zambia, na wengi wakahifadhiwa katika kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017 wakaja wengine kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokewa kwanza Kenani, hapa hapa wilayani Nchelenge, na mwezi Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Wengine wenu mlikuwa miongoni mwao. Wengine wenu ndio mliowapa uji wa kwanza. Wahenga wamenena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mihogo ya mwenyeji imeuzika. Mikono ya mgeni imelima na kuvuta nyavu.

Ziwa nalo lina kumbukumbu yake ya msiba. Wazee waliokula samaki aitwaye mpumbu wanajua nisemalo. Samaki huyo alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kuzaa. Biashara ya samaki kwa ajili ya miji ya migodi ilipostawi, watu walimtegea nyavu katika safari ile ile ya kuzaa, mwaka baada ya mwaka, hata mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale yakatoweka. Siku hizi riziki ya wengi inatokana na pale na chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani hadi ufuko wote unang'aa kama fedha. Amri ya kufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ilitokana na funzo la namna hiyo. Askari akiwaomba mtoe nyavu majini miezi hiyo, au asipokubali chandarua cha mbu kigeuzwe wavu, hamwonei mtu. Analinda kitoweo cha mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Sasa, kwa kuwa ni kazi yangu, niseme yale yatupasayo kutenda, sisi na ninyi.

Kwanza, mwenye malalamiko afike kituoni, na azungumze kwa lugha anayoijua. Ikiwa ofisa aliye zamu haielewi lugha hiyo, ni wajibu wake kutafuta mfasiri, si wajibu wa mlalamikaji kunyamaza. Hakikisheni malalamiko yenu yameandikwa katika daftari la matukio, na mpewe nambari yake.

Pili, dhamana ya polisi hailipiwi. Mtu yeyote atakayedai fedha ili ndugu yenu aachiwe kwa dhamana, awe amevaa sare au hakuvaa, anatenda kosa, na jina lake lifikishwe kwa mkuu wa kituo.

Tatu, anayeshukiwa wizi wa nyavu au mashine ya mtumbwi asipigwe. Mkamateni bila kumdhuru, mleteni. Nkuba naye alikuwa na tuhuma. Alichokosa ni subira ya kusikiliza. Kipigo cha umati hakina rufaa, na aliyekufa akiwa hana hatia hawezi kuombwa radhi.

Nne, mwanamke au mtoto anayeumizwa nyumbani asiambiwe kwamba ni mambo ya ndani. Kitengo chetu cha kuwasaidia waathirika kilianzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya kesi hizo hizo. Nachituti aliumizwa na ndugu yake wa tumbo moja, ndani ya nyumba, na aliyetenda alikuwa mkubwa wa watu. Mambo ya ndani ndiyo yaliyobomoa nchi.

Tano, wenye mitumbwi ya abiria wasijaze watu kupita kiasi, na wasivuke pepo zinapovuma. Andikeni majina ya abiria kabla ya kuondoka. Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, daftari hilo ndilo litakalotuambia nani bado anatafutwa. Na anayevuka mpaka apitie panapostahili na achukue hati zake, ili usiku asije akakutana na askari kijana kama nilivyokuwa mimi.

Sita, makaburi ya kale, mahali pa matambiko na mabaki ya ngome na misheni yasichimbwe wala kubomolewa. Ipo Tume ya Taifa ya Hifadhi ya Urithi, na ipo sheria ya mwaka 1989 inayovilinda vitu hivyo. Lakini sheria haina macho kila mahali. Macho ni yenu. Mkimwona mtu anachimba usiku katika makaburi ya wazee, mwarifuni chifu, na mtuarifu sisi.

Wazee wangu, naomba jambo la mwisho, nalo haliko katika sheria yoyote. Simulizi hizi mnazozijua, za Nachituti, za Kilwa, za mpumbu, za usiku wa kuvuka, wasimulieni vijana, na wasimulieni wakiwa pamoja: mtoto wa Kafutuma na mtoto wa Mantapala juu ya mkeka mmoja. Kijana anayejua kwamba babu wa mwenzake naye alivuka maji haya kwa hofu, atafikiri mara mbili kabla ya kumwita mvamizi.

Nimalizie na lile kapu na ule mtungi. Simulizi husema vilitolewa mara moja tu, na mama aliyekwisha kata tamaa ya kupata haki kwa watu wake. Ardhi na maji haya yamo mikononi mwenu leo. Anayekuja kituoni usiku, amelowa, akilia kwa lugha tusiyoijua vema, ndiye anayetupima kama tunastahili kuvishika. Siku moja nilipimwa, nikashindwa. Naomba tusishindwe tena.